Fremu Mpya, Mwili Ule Ule: Jinsi ya Kuhamisha Mkao wa Mwendesha Baiskeli

Maandishi ya mazungumzo kwa waendesha baiskeli, makocha, wazazi na mafundi wa kaunti



Mazungumzo ya leo yanahusu jambo linaloonekana dogo hadi siku linapomrudisha kijana nyumbani akichechemea. Mwendeshaji amefanya mazoezi miaka miwili akiwa na baiskeli ya mbio ya zamani, fremu ya chuma iliyopakwa rangi mara tatu. Familia imechanga, marafiki wameongeza, na hatimaye amepata fremu nyingine, nyepesi na nzuri zaidi. Siku hiyo hiyo baiskeli ya zamani inafunguliwa yote. Magurudumu, krenki, kiti na usukani vinahamishiwa fremu mpya. Kiti kinapandishwa kwa kukisia, usukani unakazwa, na jioni kijana yuko barabarani.

Wiki mbili baadaye goti linauma. Wenzake wanamwambia amezidisha mazoezi. Kocha anamwambia atazoea. Mzazi anaanza kujiuliza kama pesa zilipotea bure. Mara nyingi kosa haliko kwenye goti, mazoezi wala fremu. Kosa ni sentimita moja ambayo hakuna aliyeipima, na sasa haiwezi kupimwa kwa sababu baiskeli ya zamani imeshafunguliwa.

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inaweka shughuli na vifaa vya michezo miongoni mwa majukumu ya kaunti. Lakini uwanja na barabara havimfai mwanamichezo aliyeumia kwa jambo ambalo futi ya fundi ingelizuia.

Mwili unakumbuka

Mwendeshaji hugusa baiskeli mahali patatu tu: miguu kwenye pedali, makalio kwenye kiti, mikono kwenye usukani. Umbali kati ya sehemu hizo tatu ndio mkao wake. Fremu ni chuma, alumini au kaboni inayozishikilia mahali pake. Rangi, jina na bei ya fremu havijulikani na goti. Goti linajua umbali tu.

Tufanye hesabu ndogo. Mwendeshaji anayezungusha pedali mara 90 kwa dakika hukunja kila goti mara 5,400 kwa saa. Katika mazoezi ya saa tatu, hizo ni mara 16,200. Kiti kikiwa chini kuliko kilivyozoeleka kwa sentimita moja, goti hukunjwa kupita kiasi mara hizo zote. Mtu hawezi kuhisi tofauti hiyo anapojaribu baiskeli uani, lakini baada ya kilomita mia tatu mwili huidai.

Hata mabingwa hawajaepuka jambo hili. Mbelgiji Eddy Merckx, aliyeshinda Tour de France mara 5, alianguka vibaya Septemba 1969 katika uwanja wa mbio wa Blois, Ufaransa. Mwendesha pikipiki aliyekuwa akimwongoza alifariki, na Merckx akaumia nyonga na mgongo. Tangu siku hiyo hakupata tena utulivu kamili kwenye kiti. Alijulikana kwa kubadilisha kimo cha kiti mara kwa mara, hata katikati ya mashindano. Mkao ni mali ya mwili. Baiskeli ikibadilika na mwili ukabaki ule ule, mkao uhamishwe kama ulivyo. Mwili ukibadilika, kwa ajali au kwa kukua, mkao utafutwe upya.

Kabla ya kufungua nati moja

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo yenye thamani kuliko zote. Baiskeli ya zamani ipimwe ikiwa nzima, siku ambayo mwendeshaji hana maumivu na anajisikia sawa juu yake.

Hakuna mashine ya gharama inayohitajika. Kinachotakiwa ni futi ya fundi, kipande cha utepe wa gundi, kalamu, daftari na mtu wa kusaidia. Pahali pawe na sakafu ya saruji iliyo sawa na ukuta ulionyooka, kama ilivyo katika madarasa mengi. Magurudumu yawe na upepo wa kutosha. Gurudumu la nyuma liguse ukuta, baiskeli isimame wima, na msaidizi aishike isilale upande.

Kiti kiwekwe alama kwanza. Watu wengi hupima kutoka ncha ya mbele ya kiti, na hapo hupotea, kwa kuwa viti havilingani urefu. Viti vya zamani vya mbio huwa na karibu sentimita 27 au 28, na vile vifupi vya siku hizi karibu sentimita 24 au 25. Njia bora ni kutafuta mahali ambapo kiti kina upana wa sentimita 8, kuweka utepe hapo, na kuchora alama katikati. Alama hiyo hupatikana kwa njia ile ile kwenye kiti chochote.

Kisha yaandikwe mambo sita:

1. Umbali kutoka katikati ya ekseli ya krenki hadi alama ya kiti. Hiki ndicho kimo cha kiti.

2. Umbali wa kiti nyuma ya ekseli. Hupimwa kutoka ukutani hadi katikati ya ekseli, kisha kutoka ukutani hadi alama ya kiti. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo jibu.

3. Umbali kutoka alama ya kiti hadi mahali kiganja kinapokaa juu ya vishikio vya breki.

4. Kimo cha alama ya kiti na kimo cha vishikio vya breki kutoka sakafuni. Tofauti yake huonyesha mwendeshaji ameinama kiasi gani.

5. Urefu wa krenki. Mara nyingi umeandikwa nyuma ya mkono wa krenki: 170, 172.5 au 175, kwa milimita.

6. Mwinamo wa kiti. Fundi aweke pima maji juu ya kiti na kuandika kama kimelala sawa, au kimeinama mbele au nyuma.

Namba hizi ziandikwe kwa milimita, pamoja na tarehe. Picha ya simu ikipigwa kutoka upande itasaidia, lakini haichukui nafasi ya futi.

Saizi iliyoandikwa kwenye fremu haitoshi

Mwendeshaji anayetumia fremu ya 54 huenda dukani kutafuta 54 nyingine. Lakini namba hiyo haina maana moja. Mtengenezaji mmoja hupima bomba la kiti hadi kwenye ncha yake ya juu, mwingine hadi pale bomba la juu linapokutana nalo, na mwingine huandika namba ya kulinganisha tu au herufi S, M na L. Fremu mbili za 54 zinaweza kutofautiana kwa sentimita mbili mahali pa usukani.

Vipimo viwili vinavyoaminika zaidi ni vile vinavyoanzia kwenye ekseli ya krenki. Cha kwanza ni kimo cha fremu: kutoka usawa wa ekseli kwenda juu hadi mdomo wa bomba la mbele ambamo uma huingia. Cha pili ni masafa ya fremu: kutoka ekseli kwenda mbele hadi mdomo huo huo. Katika jedwali la mtengenezaji, kimo huandikwa "stack" na masafa huandikwa "reach". Anayenunua fremu iliyotumika anaweza kuvipima mwenyewe kwa ukuta na sakafu, njia ile ile, mradi fremu iwe na uma na magurudumu.

Kipimo cha tatu ni pembe ya bomba la kiti. Wengi hukipuuza kwa sababu nyuzi moja haionekani kwa macho. Lakini kwa kiti kilicho milimita 720 juu ya ekseli, kutoka nyuzi 73 hadi nyuzi 74 hukisogeza kiti mbele kwa milimita 12. Fundi aliyehamisha kiti na mti wake bila kugusa chochote, akidhani amehamisha mkao, amemsogeza mwendeshaji zaidi ya sentimita moja bila kujua.

Kiti kwanza, usukani baadaye

Kazi kwenye fremu mpya ina utaratibu, na utaratibu huo usigeuzwe.

Hatua ya kwanza ni kimo cha kiti. Kipandishwe hadi namba ya daftarini. Ikiwa krenki zimebadilika, namba irekebishwe. Anayetoka krenki za 175 kwenda 170 hupata pedali iliyo milimita 5 juu zaidi inapofika chini, kwa hiyo kiti nacho kipande milimita 5. Viatu au pedali zikibadilika, unene wake pia uhesabiwe.

Hatua ya pili ni kusogeza kiti mbele au nyuma kwenye reli zake hadi umbali wake nyuma ya ekseli ulingane na ule wa zamani. Katika mfano wa nyuzi 74, kirudishwe nyuma milimita 12. Reli zikiisha kabla ya kufika, dawa ni mti wa kiti wenye kichwa kilichorudi nyuma zaidi. Kulazimisha kiti kifungwe kwenye kona ya reli ni kukaribisha reli kuvunjika.

Hatua ya tatu ni kupima kimo tena. Kiti kikirudi nyuma milimita 12, alama yake huwa mbali zaidi na ekseli kwa karibu milimita 3 au 4, kwa hiyo kishushwe kidogo. Mafundi wengi hupima mara moja wakaridhika, ilhali kimo na umbali wa nyuma huvutana.

Kiti kikishakaa, kisiguswe tena. Hapa ndipo kosa kubwa hutokea. Mwendeshaji anaona usukani uko mbali, anasogeza kiti mbele ili aufikie. Mikono imepata nafuu, lakini sasa magoti yameletwa mbele ya pedali kuliko yalivyozoea. Kiti huwekwa kwa ajili ya miguu. Mikono hutafutiwa suluhisho kwenye usukani.

Hesabu ya usukani

Usukani huhamishwa kwa vitu viwili: pete zinazowekwa chini ya stemu, na stemu yenyewe, yaani shingo inayoshika usukani. Vyote viwili hufanya kazi kwa mshazari, kwa kuwa bomba la mbele limelala nyuma. Kwenye pembe ya kawaida ya nyuzi 73, kila milimita 10 za pete zinazoondolewa hushusha usukani karibu milimita 10, lakini pia huusogeza mbele karibu milimita 3.

Mfano huu utafaa. Fremu ya zamani ina kimo cha milimita 540 na masafa ya milimita 380, pete za milimita 30, na stemu ya milimita 100 yenye mwinamo wa kawaida wa nyuzi 6 kwenda chini. Fremu mpya ina kimo cha 555 na masafa ya 385. Anayetazama haraka atasema masafa yameongezeka milimita 5 tu, hiyo si kitu.

Lakini kimo kimeongezeka milimita 15. Ili kuurudisha usukani chini, pete za milimita 15 ziondolewe. Kuziondoa kunasogeza usukani mbele zaidi ya milimita 4. Zikijumlishwa na zile 5 za fremu, usukani uko mbele kwa zaidi ya milimita 9. Kwa hiyo stemu ya 100 itolewe, iwekwe ya 90. Kwa mabadiliko hayo mawili, usukani unarudi mahali pake ukikosea kwa milimita moja hivi. Bila hesabu, kijana angepanda baiskeli ambayo imemwinua kwa sentimita moja na nusu, kisha angelaumu upepo kwa kumpunguzia kasi.

Stemu pia inaweza kugeuzwa juu chini. Ile ya milimita 100, ikigeuzwa kutoka nyuzi 6 chini hadi nyuzi 6 juu, huinua usukani karibu milimita 20 na kuurudisha nyuma karibu milimita 6. Hiyo ni dawa isiyogharimu hata shilingi.

Mwisho, umbo la usukani wenyewe likaguliwe. Usukani wa mbio mmoja unaweza kutoka mbele milimita 80 na mwingine 100. Hiyo ni tofauti ya sentimita mbili kwa mikono, hata kama fremu na stemu ni zile zile. Ndiyo maana kipimo cha tatu na cha nne cha daftari huishia kwenye vishikio vya breki, mahali kiganja kinapokaa.

Kabla pesa hazijatoka mfukoni

Fremu nyingi zinazofika mikononi mwa vijana ni zilizotumika, na muuzaji hazirudishi. Kwa hiyo hesabu iliyotangulia ifanywe kabla ya kulipa. Ikiwa fremu itahitaji stemu ya ufupi usio wa kawaida, au mnara wa pete juu ya bomba la mbele, saizi hiyo si yake, hata bei iwe ya kuvutia namna gani.

Mnunuzi akague mambo mengine manne. Bomba la uma lisiwe limekatwa fupi mno, kwa sababu likishakatwa haliongezeki. Kwa sababu hiyo hiyo, anayepata uma ambao haujakatwa asiukate wiki ya kwanza. Apande na pete zikiwa juu ya stemu hadi mkao uthibitike. Kipenyo cha mti wa kiti kilingane na fremu: kuna fremu za milimita 27.2, za 31.6 na nyinginezo, na kulazimisha hakusaidii. Hesi za nyumba ya ekseli zilingane na ekseli iliyopo. Na fremu ikaguliwe nyufa, hasa kwenye viungo na mahali pa kubana mti wa kiti.

Mti wa kiti una mstari wa onyo. Mstari huo ukionekana nje ya fremu, mti umevutwa kupita kiasi na unaweza kuvunjika au kuipasua fremu.

Asiye na mkao wa kuhamisha

Kuna wanaotoka kwenye Black Mamba ya kubebea maziwa na mitungi ya maji, wakaingia baiskeli ya mbio kwa mara ya kwanza. Hao wasihamishe vipimo, kwa kuwa baiskeli ya mzigo humkalisha mtu wima. Wenye maumivu ya kila siku kwenye baiskeli ya zamani pia wasiyanakili maumivu yao.

Pa kuanzia ni hesabu iliyofanywa maarufu na Mmarekani Greg LeMond: urefu wa mguu kwa ndani, kutoka sakafuni hadi kwenye msamba, bila viatu, uzidishwe kwa 0.883. Mwenye mguu wa sentimita 82 ataanza na kiti kilicho karibu sentimita 72.4 juu ya ekseli. Njia nyingine ni kuweka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Zote mbili ni mwanzo tu. Usukani uwe juu kwanza, ushushwe pole pole mwili unapozoea.

Hatua hiyo ni ya kawaida kwa wanaoanza. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kushinda Tour de France mara 4, alifunzwa utotoni na David Kinjah huko Kikuyu, mbali na warsha za timu kubwa.

Wiki za kwanza

Safari ya kwanza iwe fupi, karibu na nyumbani, na ufunguo uwe mfukoni. Bolti zikazwe kwa nguvu iliyoandikwa juu yake. Nyingi za stemu huandikwa namba ya Nm, na kwenye kaboni spana ya kupimia nguvu ni lazima. Breki zijaribiwe kabla ya mteremko.

Mwili ukilalamika, maumivu yenyewe hutoa dalili. Maumivu mbele ya goti mara nyingi huonyesha kiti kiko chini au kiko mbele mno. Maumivu nyuma ya goti, au nyonga zinazoyumba, huonyesha kiti kiko juu mno. Viganja vinavyokufa ganzi huonyesha uzito mwingi umeegemea mikono: usukani uko mbali au chini, au kiti kimeinama mbele. Marekebisho yawe ya milimita 2 au 3, moja kwa wakati mmoja, na kila moja liandikwe. Anayebadilisha vitu vitatu siku moja hatajua kipi kilimponya. Goti likivimba au maumivu yasipoisha mtu akipumzika, kazi ya fundi imefika mwisho. Aende kituo cha afya.

Kocha mwenye vijana kumi anaweza kulimaliza jambo hili kwa asubuhi moja ya Jumamosi: ukuta, futi na daftari moja lenye kurasa kumi. Fundi anaweza kuanza kila kazi ya kubadilisha fremu kwa kupima, kabla ya kushika spana. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mwendesha baiskeli, mkao uliomchukua miaka miwili kuupata ni mali. Uandikwe leo, wakati baiskeli ya zamani bado imesimama kwa magurudumu yake.